MAZUNGUMZO YASIYO NA MANENO: JINSI BINADAMU, WANYAMA NA MIMEA WANAVYOFAHAMIANA

Katika kambi zetu, katika vituo vya polisi na katika vijiji tulikozaliwa, si jambo geni kumsikia mtu akisimulia kwamba mbwa wake hujua siku anayorudi safarini, au kwamba ng'ombe fulani hakubali kukamuliwa ila na mama wa nyumba ile, au kwamba mche uliopandwa na mtu mwenye mkono mwema hustawi kuliko mche wa jirani. Wako wanaoyapokea maneno hayo kama ukweli usiohitaji kuulizwa, na wako wanaoyacheka na kuyaita hadithi za wazee. Wahenga walisema: lisemwalo lipo, ikiwa halipo laja. Makala haya yanakusudia kuyapima maneno hayo kwa utulivu, ili kila msomaji ajue lipi limethibitishwa na lipi limebaki kuwa maneno matupu.

Jambo lenyewe si la kupitishia wakati tu. Askari anayemfuata mbwa katika msako hutegemea ufahamu ulioko baina yake na mnyama yule. Akikosea, mtu asiye na hatia aweza kutiwa gerezani. Askari anayepita mahali palipotegwa mabomu ya ardhini huweka maisha yake mikononi mwa mnyama asiyeweza kusema neno hata moja. Mama mwenye mtoto mchanga hana budi kumfahamu mtoto huyo kabla hajajua kutamka. Na mkulima asiyejua dalili za shamba lake atavuna njaa. Kwa hiyo ni vyema tujue mazungumzo haya yasiyo na maneno hupitia njia gani.

FARASI WA BERLIN

Mwanzoni mwa karne ya ishirini aliishi katika mji wa Berlin, nchini Ujerumani, mzee mmoja aliyewahi kuwa mwalimu wa hesabu, jina lake Wilhelm von Osten. Mzee huyu alikuwa na farasi aliyeitwa Hans, ambaye alimfundisha kwa miaka kadhaa kama mtoto wa shule. Hans akiulizwa jumla ya namba mbili, hupiga ardhi kwa ukwato mara zilizotakiwa, kisha huacha. Alijua kujumlisha, kutoa na kugawanya, alitaja tarehe, na alionyesha herufi kwa kuhesabu. Watu walifurika uani kumtazama, na mzee hakumtoza mtu hata senti moja.

Habari zilipoenea, mwaka 1904 iliundwa tume ya watu 13 chini ya Profesa Carl Stumpf. Ndani yake walikuwamo mganga wa mifugo, meneja wa sarakasi, walimu, ofisa wa jeshi la wapanda farasi na mkuu wa bustani ya wanyama ya Berlin. Tume hiyo ilichunguza, ikatoa kauli kwamba hakukuwa na hila yoyote. Mzee von Osten hakuwa mlaghai, na hata yeye asipokuwapo, Hans alijibu sawasawa maswali ya wageni.

Hata hivyo, msaidizi wa profesa yule, kijana aitwaye Oskar Pfungst, hakutosheka. Alifanya jambo dogo ambalo wengine hawakulifikiria: alimfanya mwulizaji mwenyewe asijue jibu. Mara ile elimu yote ya Hans ikatoweka. Mwulizaji alipolijua jibu, farasi alipata majawabu 89 katika kila 100. Mwulizaji asipolijua, alipata 6 tu. Tena farasi alipowekewa vikingio vya macho asimwone mwulizaji, alishindwa vilevile.

Ndipo ilipofahamika kwamba Hans hakujua hesabu, bali aliwajua binadamu. Mwulizaji alipokwisha kuuliza, aliinama kidogo kuutazama ukwato, na hiyo ikawa amri ya kuanza. Ukwato ulipofika hesabu iliyo sawa, mwulizaji, pasipo kujua, aliinua kichwa kwa kiasi kidogo mno, na farasi akaacha. Pfungst alipojaribu kujizuia asitikise kichwa, aliona ni kazi ngumu sana. Matokeo ya uchunguzi wake yalichapishwa mwaka 1907. Mzee von Osten hakuyakubali hata kidogo, naye alifariki mwaka 1909 akiwa na uchungu.

Kisa hiki kina mafundisho mawili ambayo yapasa kwenda pamoja. La kwanza ni kwamba mnyama hutusoma kwa makini kuliko tunavyojisoma wenyewe. La pili ni kwamba mtu mwaminifu kabisa aweza kumwambia mnyama jibu bila kujua kwamba amemwambia.

MBWA WA POLISI NA NIA YA ASKARI

Mafundisho haya yanawahusu kwa karibu ndugu zetu wanaofanya kazi na mbwa. Pua ya mbwa ni ala ya ajabu wala hakuna mashine iliyoweza kuchukua nafasi yake kabisa. Lakini mbwa hafanyi kazi peke yake. Mwisho mmoja wa kamba yuko mbwa, na mwisho wa pili yuko mtu mwenye dhana zake.

Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, wakiongozwa na Lisa Lit, walitangaza jaribio walilolifanya ndani ya kanisa. Waliwaita askari na waongozaji 18, kila mmoja na mbwa wake aliyefundishwa kutafuta madawa ya kulevya au baruti. Waliwaambia kwamba huenda vitu hivyo vimefichwa humo, na kwamba mahali pengine pamewekewa alama ya karatasi nyekundu. Ukweli ni kwamba hapakuwa na dawa wala baruti popote. Misako 144 ilifanyika. Katika misako 123 kati ya hiyo, waongozaji walisema mbwa wao amegundua kitu. Misako 21 tu ndiyo iliyomalizika bila kosa. Tena makosa mengi yalitokea pale pale penye karatasi nyekundu, ambayo ilikuwa na maana kwa binadamu na haikuwa na maana yoyote kwa mbwa.

Mbwa wale hawakuwa wabovu, na askari wale hawakuwa waongo. Lililotokea Berlin lilitokea tena: mtu alitazamia jambo, akapunguza mwendo, akasimama kitambo, akaishika kamba kwa namna nyingine, na mbwa mwenye kumpenda bwana wake akampa alichokitamani. Au pengine mbwa hakufanya lolote, ila macho ya bwana wake yaliona kile yalichotaka kuona.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya majaribio tu. Katika jimbo la Florida, nchini Marekani, mwaka 1982 kijana mmoja alitiwa hatiani kwa kosa la kumnajisi mwanamke. Miongoni mwa ushahidi uliotolewa ulikuwamo wa mwongozaji aliyedai kwamba mbwa wake aliitambua harufu ya kijana yule katika mashuka. Kijana alikaa gerezani miaka 22. Mwaka 2004 uchunguzi wa vinasaba ulithibitisha kwamba si yeye aliyefanya kosa lile, akaachiliwa. Aliingia akiwa kijana na kutoka akiwa mtu mzima, na miaka ile hakuna awezaye kumrudishia.

Kwa hiyo wakuu wa vikosi vya mbwa wenye busara wamejiwekea kanuni: katika mazoezi na katika mitihani, anayemwongoza mbwa asijue kitu kimefichwa wapi, na mara nyingine pasiwe na kitu chochote, ili mbwa na bwana wake wajifunze kusema "hakuna". Tena dalili ya mbwa iwe mwanzo wa uchunguzi, isiwe hukumu yenyewe.

Na vipi ule usemi kwamba mbwa hunusa hofu? Hapo wazee hawakukosea sana. Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, walichukua jasho na pumzi za watu 36 kabla na baada ya kupewa hesabu ngumu za kuwataabisha. Mbwa wanne waliofundishwa waliweza kutofautisha harufu ya mtu mtulivu na harufu ya mtu yule yule alipotaabika, na walipata takriban mara 94 katika kila 100. Basi wasiwasi wa askari husafiri hadi kwa mbwa wake kwa njia ya hewa, hata kama uso wake umekauka kama jiwe. Lakini lazima ikumbukwe kwamba hata mtu mwema huingiwa na hofu mbele ya mbwa mkali. Harufu ya hofu siyo harufu ya hatia.

PANYA WA MOROGORO

Mfano mzuri wa kanuni hii kufuatwa sawasawa unapatikana hapa Afrika ya Mashariki. Tangu mwaka 2000, shirika la APOPO lililoanzishwa na Wabelgiji limekuwa likifundisha panya buku katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, mjini Morogoro, Tanzania. Panya hawa wakubwa wana uzito wa takriban kilo moja au kupita kidogo, nao hawawezi kulipua bomu la ardhini kwa kulikanyaga. Hufundishwa tangu wadogo: wakisikia mlio mfupi wa chombo kidogo mkononi mwa mwalimu, hupata kipande cha ndizi. Baadaye hulazimika kuonyesha harufu ya baruti kwanza ndipo wausikie mlio ule.

Lililo muhimu ni kwamba, kabla panya hajapelekwa kazini, hupewa mtihani ambao wanaomwongoza hawajui mabomu yamefukiwa wapi. Hivyo hakuna anayeweza kumpa panya jibu kwa jicho wala kwa mkono. Panya aliyefaulu huweza kukagua eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi kwa dakika 30 hivi, kazi ambayo mtu mwenye chombo cha kutambua chuma huweza kuifanya kwa siku nne.

Panya hawa walisaidia kusafisha ardhi ya Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imemaliza mabomu yake yote yanayojulikana. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alizaliwa Tanzania akapelekwa Kambodia, na katika miaka mitano ya utumishi aligundua mabomu na vitu vingine vya kulipuka zaidi ya 100. Mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na chama cha Uingereza cha PDSA, akiwa panya wa kwanza kuipata. Alikufa Januari 2022 baada ya kustaafu. Ni watoto wangapi wa Kambodia wanaotembea leo kwa miguu yao miwili kwa sababu ya pua ya mnyama huyu ambaye majumbani mwetu tunamfukuza kwa fagio!

MBWA AMNGOJEAYE BWANA WAKE

Wake wengi wa askari husema kwamba mbwa wa nyumbani huenda kukaa mlangoni saa ile ile baba anapoanza safari ya kurudi. Mwingereza Rupert Sheldrake aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, kilichotoka mwaka 1999, akidai kwamba baina ya mbwa na bwana wake kuna mawasiliano ya moyo yasiyozuiwa na umbali. Mbwa aliyempa sifa zaidi alikuwa wa kaskazini ya Uingereza, jina lake Jaytee.

Mwaka 1995 Richard Wiseman na wenzake walimpima mbwa huyo mara nne. Mwenye mbwa alipelekwa mbali na saa ya kurudi ikachaguliwa kwa bahati nasibu, ili mtu yeyote nyumbani asiijue. Mbwa alionekana akienda dirishani mara nyingi mno kwa sababu mbalimbali, na walioongoza jaribio walihukumu kwamba hakuijua saa ile. Sheldrake hakukubaliana nao, akasema kwamba mbwa alikaa dirishani muda mrefu zaidi bwana wake alipokuwa njiani. Wapinzani wakajibu kwamba mbwa yeyote aliyeachwa huzidi kungoja kadiri saa zinavyopita.

Yafaa kila mmoja wetu aupime moyo wake hapo. Mbwa akienda mlangoni, na baba akafika, jambo hilo husimuliwa miaka kumi. Mbwa akienda mlangoni mara hamsini na baba asifike, hakuna anayelikumbuka. Aidha mbwa ana masikio yanayotambua mlio wa gari fulani kutoka mbali, na humwona mama akijipamba na kupika chakula asichokipika kila siku. Mapenzi ya mbwa kwa bwana wake ni ya kweli. Hayahitaji muujiza ili yawe ya thamani.

Kwa hiyo msomaji ajihadhari na watu ambao leo, hasa Ulaya na Marekani, hutoza fedha wakidai kuzungumza na mnyama kwa kuitazama picha yake tu. Mwenye mbwa mgonjwa ampeleke kwa mganga wa mifugo.

NDEGE WA ASALI

Tukitaka kuona mazungumzo ya kweli baina ya binadamu na mnyama wa porini, asiyefugwa wala kufundishwa, hatuna haja ya kwenda Berlin. Yako katika misitu yetu. Yuko ndege mdogo wa rangi ya kijivu na kahawia anayependa kula nta na mabuu ya nyuki. Ndege huyu hujua nyuki walipo, lakini hawezi kulipasua shina la mti wala kuwatuliza nyuki. Binadamu anao moshi na shoka, lakini hajui nyuki walipo. Basi hawa wawili wamefanya ubia. Padri Mreno João dos Santos, aliyekaa Sofala, Msumbiji, aliandika habari za ndege huyo alipomwona mwaka 1588 akiingia kanisani kudonoa mishumaa ya nta, akaeleza pia jinsi anavyowaongoza watu kwenye asali.

Kwa muda mrefu wageni waliyaona haya kama ngano. Ndipo Mkenya Hussein Isack, mtoto wa Waborana, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, walipochunguza kaskazini ya Kenya na kutangaza matokeo mwaka 1989. Waborana wasiokuwa na ndege walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga mmoja. Walioongozwa na ndege walitumia saa 3.2. Tena wachunguzi hao walithibitisha yale ambayo wazee walikuwa wakiyasema: kwa mwelekeo wa kuruka kwake, kwa umbali wa vituo vyake na kwa sauti yake, ndege huonyesha upande ulipo mzinga, urefu wa njia, na kwamba sasa mmefika.

Mwaka 2016, Claire Spottiswoode na wenzake walifanya jaribio katika hifadhi ya Niassa, Msumbiji, kwa Wayao. Warina asali wa huko wana mlio wao waliorithi kwa baba zao, wa mtetemo wa ulimi unaomalizikia kwa mguno mfupi. Watafiti walitembea porini wakipiga mlio huo, au sauti nyingine za binadamu na za wanyama. Kwa mlio wa Wayao, ndege alikubali kuongoza mara 66 katika 100. Kwa sauti nyinginezo, alikubali mara 33 au pungufu ya hapo. Na uwezekano wa kuonyeshwa mzinga ulipanda kutoka 16 hadi 54 katika 100.

La kustaajabisha zaidi lilitangazwa mwaka 2023. Wahadzabe wa Tanzania, waishio karibu na ziwa Eyasi, hawatumii mlio wa Wayao, bali hupiga mbinja. Ndege wa Uhadzabeni walipojaribiwa, waliitikia mbinja ya wenyeji zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Wayao. Na ndege wa Niassa waliitikia mlio wa Wayao karibu mara mbili kuliko mbinja ya Wahadzabe. Maana yake ni kwamba ndege hujifunza lugha ya watu wa mahali pake. Tena hafundishwi na mama yake, kwani ndege huyu hutagia katika viota vya ndege wengine, na kinda hulelewa na wageni. Hujifunza kwa kuishi jirani na watu wenye asali.

Hapa pana jambo la kusikitisha. Mahali ambapo vijana wameacha kurina na asali imekuwa ya kununuliwa dukani, ndege hana tena wa kuzungumza naye, na mazungumzo ya maelfu ya miaka hukatika. Lugha hii inahitaji pande mbili. Upande mmoja ukinyamaza, wa pili husahau.

Tembo nao wana masikio ya namna hiyo. Huko Amboseli, Kenya, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba tembo huikimbia harufu ya nguo iliyovaliwa na Mmasai, ambaye huweza kuwarushia mkuki, kuliko ile iliyovaliwa na Mkamba mkulima. Mwaka 2014 ilibainika kwamba hutofautisha hata sauti. Walipoisikia sauti ya mwanamume wa Kimasai walikusanyika na kurudi nyuma, lakini sauti ya mwanamke wa Kimasai au ya mtoto haikuwatia hofu kiasi hicho. Mnyama aliyeonywa na maisha hachukulii watu wote kuwa ni wamoja.

JE, MIMEA NAYO HUSIKIA?

Habari za mimea zinahitaji tahadhari zaidi. Mwaka 1966, mjini New York, mtu aitwaye Cleve Backster, aliyekuwa akiwafundisha polisi kutumia chombo cha kugundua uongo, alikifunga chombo hicho katika jani la mmea wa nyumbani. Alisema kwamba alipofikiria tu kulichoma jani lile, kalamu ya chombo iliruka, kana kwamba mmea umeisoma nia yake. Baadaye alidai kwamba mimea hushtuka hata kamba wadogo wanapotumbukizwa katika maji ya moto. Mwaka 1973 kilitoka kitabu cha Peter Tompkins na Christopher Bird kilichozieneza habari hizi duniani kote, na watu wengi wakaanza kuzungumza na maua yao.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell walilirudia jaribio la kamba kwa uangalifu mkubwa, na mwaka 1975 wakatangaza kwamba mimea haikuonyesha dalili yoyote. Mmea hauna ubongo, na hakuna aliyethibitisha kwamba husoma mawazo ya mtu.

Lakini mtu asitoke hapo akadhani kwamba mmea ni kitu kilichokufa. Kila mtoto wa kijijini ameucheza mmea wa kifauongo, ambao ukiuguswa hufumba majani yake na kujifanya umekufa. Mwanasayansi wa Kihindi, Jagadish Chandra Bose, aliyezaliwa mwaka 1858 na kufariki mwaka 1937, alionyesha kwamba ndani ya mimea mna mipigo midogo ya umeme inayopita mmea unapoguswa au kujeruhiwa.

Tena mimea huambiana habari kwa harufu. Katika miaka ya 1980, huko Transvaal, Afrika ya Kusini, tandala wengi walikufa ndani ya mashamba yaliyozungushiwa ua, na sababu haikujulikana. Profesa Wouter van Hoven wa Chuo Kikuu cha Pretoria aligundua kwamba mgunga ukiliwa sana huongeza katika majani yake tanini, ile dawa yenye ukakasi, hadi kumdhuru mlaji. Zaidi ya hayo, mti uliojeruhiwa hutoa gesi iitwayo ethilini, na migunga ya jirani inayopata upepo ule huongeza tanini kabla haijaguswa. Twiga waliokuwa huru walikula kidogo huku na kidogo kule, wakielekea upande upepo unakotoka, ambako miti ilikuwa haijapata habari. Tandala waliofungiwa ndani ya ua, wakati wa ukame, hawakuwa na pa kwenda. Hawakufa kwa njaa wala kwa risasi. Walikufa kwa sababu ua ule uliwanyima nafasi ya kuitii lugha ya miti.

Wakulima wa Afrika ya Mashariki wanaitumia elimu hii kwa faida. Katika kituo cha Mbita, kando ya ziwa Viktoria nchini Kenya, wataalamu wa taasisi ya ICIPE, akiwamo Zeyaur Khan, walibuni tangu miaka ya 1990 njia ya kuyalinda mahindi kwa harufu. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde ambao harufu yake huwafukuza nondo wanaozaa funza wa mabua. Kuzunguka shamba hupandwa nyasi za napia, ziitwazo pia mabingobingo, ambazo huwavuta nondo wale. Nondo hutaga mayai huko, na funza wengi hufa ndani ya utomvu unaonata. Mizizi ya desmodiamu nayo huizuia kiduha, ile gugu inayonyonya mahindi, na yote mawili, nyasi na desmodiamu, ni malisho ya ng'ombe. Mke wa askari mwenye kijishamba aweza kumwuliza bwana shamba juu ya njia hii. Hana haja ya kuyaimbia mahindi yake.

ZIZINI NA KITANDANI KWA MTOTO

Ng'ombe anayeogopa hubana maziwa. Sababu yake ni kwamba homoni inayoyashusha maziwa huzuiwa na ile ya hofu. Mwaka 2009 watafiti wa Newcastle, Uingereza, waliwauliza wafugaji 516, wakaona kwamba mashamba ambamo kila ng'ombe alikuwa na jina lake yalipata lita 258 zaidi kwa kila ng'ombe katika msimu mmoja wa kukamuliwa. Bila shaka jina peke yake halitoi maziwa. Lakini amwitaye ng'ombe kwa jina, aghalabu hampigi kwa fimbo. Basi kijana wa zizini akemewe anapopiga kelele, maana gharama yake huonekana katika ndoo.

Tumalizie na mazungumzo ya kwanza kabisa ya kila binadamu. Mwaka 1975, Aidan Macfarlane wa Oxford alionyesha kwamba mtoto wa siku 6 hivi hugeukia kitambaa chenye harufu ya ziwa la mama yake kuliko cha mama mwingine. Mwaka 1980, DeCasper na Fifer nchini Marekani walithibitisha kwamba mtoto asiyetimiza siku 3 hunyonya kwa namna fulani ili asikilizishwe sauti ya mama yake badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Mtoto huja duniani akiwa tayari ameisikia sauti ile tumboni.

Na mama naye hujifunza upesi kumjua mtoto wake: kilio cha njaa, kilio cha usingizi, na ule unyamavu usio wa kawaida. Mama anaposema, "Mtoto huyu leo siye," haoti ndoto. Ameona rangi, ameona mwendo wa pumzi, ameona jinsi anavyoshika ziwa, ingawa hawezi kuvitaja kimoja kimoja. Baba wa nyumba asimdharau. Mtoto akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akipatwa na degedege, akipumua kwa haraka au kwa shida, au akilegea asiamke, apelekwe zahanati mara moja bila kungoja mapambazuko. Na mganga aliye zamu amsikilize mama kabla ya kushika kipimo.

Kwa muhtasari, ndugu msomaji, mambo manne yafaa kushikwa. Kwanza, ufahamu usio na maneno upo, nao hupita katika macho, masikio, pua na mguso. Pili, ufahamu huo hupatikana kwa kukaa pamoja na kuangalia kwa muda mrefu. Mwenye haraka hataupata. Tatu, moyo hudanganya unapotamani sana jambo, na kwa hiyo hisia zetu zipimwe, hasa pale uhai au uhuru wa mtu mwingine unapotegemea neno letu. Nne, mnyama au mtoto asiyeweza kujieleza ana haki ya kuangaliwa na mtu mtulivu.

Askari atakayeshika zamu usiku wa leo pamoja na mbwa wake, kabla ya kutoka langoni, na amkague miguu na masikio, ampe maji, na amwache anuse upepo kitambo kidogo. Kisha amfuate bila kumtangulia.